Skii pana: inabeba wapi, inaangusha wapi

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, simu za Lubumbashi zinaingia picha za namna moja: mutoto wa ndugu wa Bruxelles ao wa Liège, kofia ngumu kichwani, viatu vya plastiki vizito miguuni, anasimama juu ya vibao viwili virefu mbele ya mulima mweupe. Shule nyingi za Ubelgiji zinapeleka wanafunzi wao ku milima ya Alpes kwa siku kadhaa, wanaita ile safari darasa la theluji. Wazazi wanalipa. Na huku kwetu tunaangalia picha, tunacheka kidogo, kisha mutu mumoja anauliza: juu ya nini skii za huyu ni nyembamba sawa rula, na za yule wa nyuma ni pana sawa mbao za kitanda?

Swali ni zuri kuliko linavyoonekana. Upana wa skii si mambo ya mitindo. Unaamua mahali mutu anaweza kupita, mahali atachoka, na mahali atajeruhi magoti. Kwa muzazi mwenye kununua skii za okasio, kwa kijana aliyepata kazi ya musimu ku hoteli ya milimani na anataka kwenda na wenzake nje ya pisti, ni jambo la kujua mbele ya kutoa feza.

Upana unapimwa wapi

Skii haina upana mumoja. Pua ni pana, mukia ni pana, katikati inabana. Pale katikati, chini ya kiatu, njo wanaita kiuno, na wanakipima kwa milimita. Skii za pisti, maana yake njia iliyosawazishwa na mashini, ziko na kiuno cha karibu 65 mpaka 80. Zile za kupita popote zinaanza 85, zinaenda mpaka 100 hivi. Kuanzia 105 ao 110 unaingia mu skii za theluji ya unga, na ziko zinazopita 120. Zile za mbio za kutembea mu tambarare ni kitu kingine kabisa, hazifike hata milimita 50.

Nasema theluji ya unga kwa sababu njo vile iko. Musikilizaji wa Lubumbashi anajua unga: unga wa mahindi uliotoka sasa ku mashini, mwepesi, unaingiza mukono ndani bila kusikia kitu. Theluji iliyoanguka usiku wa baridi kali, bila upepo, ni vile. Ndani yake kuko hewa kuliko barafu. Mita moja ya ujazo ya ile theluji inaweza kuwa na kilo 50 mpaka 100 tu, wakati maji ni kilo 1,000 na barafu ya maji ni kilo 917. Hakuna kitu cha kukukamata.

Tupige hesabu kidogo. Mutu wa kilo 80, pamoja na nguo na viatu, anatembea kwa kiatu peke yake. Chini ya muguu mumoja kuko sentimita za mraba kama 300. Akiinua muguu wa pili, kila sentimita inabeba gramu 267 hivi. Anazama mpaka magoti, pengine mpaka mapaja. Tumuvalishe sasa skii za pisti, urefu sentimita 165, upana wa wastani milimita 85: zote mbili zinafika sentimita za mraba 2,800, na muzigo unashuka mpaka gramu 29. Tumupatie skii pana, urefu 185, upana wa wastani 125: tunapita sentimita za mraba 4,600, na kila moja inabeba gramu 17 tu. Mutu ni ule ule, uzito ni ule ule. Ile theluji tu njo inasikia tofauti.

Wale wanaosukuma kinga za makala ku barabara ya Kasenga wanajua ile hesabu bila kalamu. Mupira mwembamba uliojazwa pepo sana unakata muchanga sawa kisu, kinga inakwama, mutu anasukuma na kifua. Mushofere wa kamyo mwenye akili, akifika mu muchanga, anatosha pepo kidogo mu mipira ili ipanuke chini. Kisha akirudia ku lami anajaza tena, juu mupira laini ku barabara ngumu unakula mafuta na unayumba. Skii pana iko na tabia ile ile, lakini yenyewe haina valvu. Ukiivaa asubuhi, uko nayo mpaka jioni, theluji iwe namna gani.

Namna zilianza

Kwa miaka mingi watu walifikiri ustadi wa kupita mu theluji nzito ni miguu kubanana, magoti kushikana, na kuruka-ruka sawa sungura. Wachache waliweza. Mwisho wa miaka ya 1980, Rupert Huber wa kampuni Atomic, ku Autriche, akatengeneza skii pana sana, ile iliyoitwa Powder Plus. Wanasimulia kama alianza kwa kukata ubao wa snowboard katikati. Wataalamu walizicheka, wakasema ni skii za wazee na za matajiri wenye kupelekwa ku kilele na helikopta huko Canada. Ile ya mwisho haikuwa uongo. Lakini wale wazee walishuka muchana nzima bila kuchoka, na vijana wenye nguvu walibaki nyuma wanatafuta skii zao chini ya theluji.

Badiliko la pili lilitoka kwa Shane McConkey, muzaliwa wa Canada aliyeishi Marekani. Yeye alifunga vifungio vya skii ku vibao vya kutelezea juu ya maji, akashuka navyo milima ya Alaska. Wazo lake lilikuwa rahisi: theluji ya unga iko karibu na maji kuliko na udongo, basi chombo chake kifanane na chombo cha maji. Mwanzo wa miaka ya 2000 kampuni Volant ikauzisha Spatula, skii yenye tumbo pana katikati na pua iliyopinda juu, kinyume ya kila kitu kilichokuwa dukani. Jina ni la kifaa cha jikoni, ndugu ya mwiko wetu. Leo karibu skii zote pana ziko na ile pua ya kuinuka, wanaiita roka.

Mutu aliyekua karibu na Luapula hataomba afasiriwe. Pua ya mutumbwi imeinuka ili ipande juu ya maji, isichimbe ndani. Kwa skii, mwendo unaongeza ile nguvu: ukienda mbio, theluji inasukuma chini ya pua na kukuinua. Njo maana mwanafunzi mwenye woga, anayeenda polepole mu theluji ya unga, anazama na kuanguka, wakati mwenye mwendo anapita juu yake. Skii pana inapunguza ule mwendo unaohitajika. Inabeba hata mutu wa polepole. Kwa maoni yangu ile njo faida yake kubwa, na njo hatari yake pia, tutaona.

Theluji haiko moja

Mu unga mupya, hakuna mabishano: pana inashinda. Mutu anasimama katikati ya miguu yake, hahitaji kuegama nyuma mpaka mapaja yawake moto.

Theluji iliyokatwa-katwa, ile ambayo watu wengine wamekwisha kupita na kuacha malundo, ni ya mabishano zaidi. Skii pana na nzito inapasua malundo bila kutikisika. Skii pana lakini nyepesi inarushwa huku na huku, juu lundo linagonga eneo kubwa. Upana peke yake hautoshi, uzito na ugumu wa skii unaingia mu hesabu.

Kisha kuko ukoko. Jua linayeyusha juu, usiku unagandisha, na asubuhi theluji iko na ngozi ngumu na chini yake laini, sawa ukoko wa bukari uliogeuzwa juu chini. Hii njo theluji mbaya kuliko zote. Kama ukoko unaweza kukubeba, skii pana inakusaidia kubaki juu yake. Kama unavunjika, kila skii inaingia mu shimo lake, na ile pana inafungiwa chini ya ngozi na inakataa kugeuka. Hapo ndipo magoti yanapindishwa. Mutu wa busara anangoja mpaka jua lilainishe, ao anashuka kwa upande mwingine wa mulima.

Mu theluji ya maji-maji ya mwezi wa ine, saa za nyuma ya muchana, pana inarudia kuwa nzuri. Nyembamba inazama mu ule uji na kusimama mara moja, mutu anapigwa mbele. Pana inaelea. Ni mufano wa matope ya barabara zetu mu musimu wa mvua, lakini bila udongo wa kushika.

Na sasa barafu, ao pisti ngumu ya asubuhi. Hapa skii pana inaaibisha mwenyewe. Ili kugeuka ku kitu kigumu, unainamisha skii mpaka makali ya chuma ya pembeni yaume. Kwa skii ya kiuno cha 70, makali yako milimita 35 kutoka katikati ya muguu. Kwa ile ya 115, yako 57 na nusu. Beba ndoo ya maji karibu na mwili, kisha ibebe na mukono umenyooka pembeni, utajua tofauti. Kifundo cha muguu na goti vinalipa ile bei ku kila kona, na pisti moja iko na kona mingi. Tena skii pana inachukua wakati kutoka makali haya kwenda yale. Mwenye kujua sana anaweza kuifanya ikate. Anayejifunza atateleza kando, ataogopa, na jioni hataweza kupanda ngazi za hoteli.

Umbo la mulima

Kule theluji imekuwa vinundu-vinundu vya kufuatana, kila kinundu kinaomba kona ya haraka, na skii pana ndefu inagonga mbele na nyuma. Mu misitu, kati ya miti, theluji inabaki ya unga siku mingi juu upepo na jua haviingie. Watu wanachukua pana lakini fupi kidogo, yenye pua iliyoinuka sana, juu igeuke nafasi ndogo. Ku mutelemuko mukali wenye barafu hakuna anayefikiri vizuri atakayetaka 120. Na tambarare inasumbua kila mutu: skii pana ni nzito, inabidi ujisukume na fimbo. Mwenye kupanda mulima kwa miguu yake mbele ya kushuka anahesabu kila gramu, njo sababu wengi wao wanabaki kati ya 85 na 100.

Watu wa kwetu ku theluji

Mutu asiseme hii si mambo ya Waafrika wa mashariki. Tarehe 12 Februari 1998, ku Nagano, Japani, Philip Boit, mukimbiaji wa mita 800 kutoka Kenya, alishindana mu mbio za skii za kilometa 10. Alikuwa Mukenya wa kwanza ku michezo ya Olimpiki ya baridi, na alikuwa amejifunza skii ku Finlande miaka kama miwili tu. Alifika wa mwisho, nyuma ya muda mrefu, lakini mushindi, Bjørn Dæhlie wa Norvège, alimungoja ku mustari na kumukumbatia. Boit akampa mutoto wake jina la Dæhlie. Skii alizovaa siku ile zilikuwa nyembamba kabisa, zile za njia iliyochorwa mbele. Ingekuwa skii pana, pengine angekuwa anakuja mpaka leo.

Miaka makumi mawili nyuma yake, ku Pyeongchang mwaka 2018, Sabrina Simader, muzaliwa wa Kenya aliyekulia Autriche, alishuka milima kwa jina la Kenya, na Shannon Abeda, muzaliwa wa Canada mwenye wazazi wa Eritrea, akashuka kwa jina la Eritrea. Wote wawili walivaa skii za mashindano, ngumu na nyembamba, juu pisti za mashindano zinamwagiwa maji ili zigande sawa kioo. Kwa hiyo ukiona mashindano ku televizyo, usiende kununua unachoona wala kinyume chake. Ile ni kazi ingine.

Kwa sisi tunaobaki huku, theluji iko wapi? Ile ya karibu zaidi mu inchi yetu iko Ruwenzori, ku mupaka na Uganda, ambapo kilele cha Margherita kinafika mita 5,109. Ni barafu iliyokauka na kupasuka, kati ya mawe na ukungu, na inapunguka kila mwaka. Si mahali pa kutelezea. Mahali penye pisti na mashini ya kupandisha watu pa karibu na Lubumbashi ni Afriski, mu milima ya Lesotho, karibu kilometa 1,900 kwa mustari wa moja kwa moja. Huko theluji nyingi inatengenezwa na mashini mu miezi ya sita mpaka ya munane. Na wafanyabiashara wetu wanaoenda Dubai kununua vitu wanaweza kupita mu Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, iliyofunguliwa 2005, pisti yake ndefu ina mita 400. Theluji ya mashini ni punje ngumu za mviringo, inashindiliwa, haina hewa. Skii pana haina kazi pale. Chukua nyembamba na fupi wanayokupatia, ushuke, urudi kwa mizigo yako.

Pale ambapo faida inageuka hatari

Nilisema skii pana inabeba hata mutu wa polepole. Zamani theluji ya unga ilikuwa inajilinda yenyewe: asiyejua hakuweza kufika mbali, alianguka mita makumi mawili kutoka pisti na kurudi. Leo mutu wa juma la pili, akiwa na 115 miguuni, anaweza kufuata wenzake mpaka mahali ambapo theluji inaporomoka. Mu Alpes, maporomoko ya theluji yanaua karibu watu 100 kwa mwaka, mara nyingi yakiangushwa na wahanga wenyewe ao mwenzao wa kikundi. Mitelemuko mibaya ni ile ya digri 30 mpaka 45, na njo ile ile tamu kwa kushuka na skii pana. Upana hauzuie chochote. Muzigo umetawanyika juu, lakini tabaka dhaifu chini linasikia bado.

Ku Ulaya wanatangaza kila siku daraja la hatari, kutoka 1 mpaka 5. Watu wanaogopa 4 na 5, wanakaa nyumbani. Kwa 3 wanasema ni katikati tu, wanaenda, na njo ile inayobeba wafu wengi zaidi. Kijana wa kwetu anayefanya kazi ku hoteli ya milimani asidanganywe na namba ya katikati. Nje ya pisti kunaombwa vitu vitatu mwilini: kifaa cha redio cha kutafutana, fimbo ndefu ya kupapasa chini, na sepeto, pamoja na mwenzako anayejua kuvitumia. Aliyefunikwa, nafasi yake ya kuishi inaanguka haraka sana kiisha dakika 10 ao 15. Musaada wa helikopta hauwahi mara mingi. Anayekuokoa ni yule aliye karibu yako.

Ukitaka kununua

Kwa mutoto wa darasa la theluji, usinunue kitu. Shule ao kituo kinakodisha, na wanapatia nyembamba na fupi, njo inayofundisha. Skii pana za okasio mu masoko ya vitu vya kale ya Ulaya zinaonekana bei nzuri, juu matajiri wanabadilisha kila mara, na muzazi anafikiri pana ni kusimama imara. Ku pisti ni kinyume. Kwa mukubwa anayeshuka vizuri na anataka skii moja kwa kila kitu, kiuno cha karibu 90 kinatosha ku Alpes. Zile za 110 na zaidi ni za mutu mwenye skii ya pili nyumbani, ao anayeishi mahali theluji inaanguka sana, sawa Hokkaido ya Japani.

Angalia kifungio kuliko rangi. Kifungio kinashika kiatu na kinatakiwa kuachia muguu ukianguka. Kinapimwa kufwatana na uzito, urefu, umri, urefu wa kiatu na ustadi wa mutu, na fundi wa duka njo anakitengeneza, si mujomba na bisibisi. Chini yake kuko mikono miwili ya chuma, breki, inayofunguka skii ikitoka muguuni ili isikimbie peke yake mpaka chini na kugonga mutu. Wauzaji wa vya kale mara mingine wanafunga breki ya skii nyembamba ku skii pana. Mikono ile inabaki juu ya ubao, haigusi theluji. Igeuze ukiwa bado dukani, uangalie kama mikono inapita pande zote mbili za skii na kushuka chini. Kama haipite, rudisha skii mahali ulipoitosha.